Pink Floyd ndani ya Pompeii: viti vitupu, waya mrefu, na swali la kurekodi juu ya lava ya Goma

Gitaa_Himbi (Goma)

Wapenzi wa gitaa, habari za leo.

Naomba tuzungumze juu ya filamu ya Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, iliyopigwa ndani ya uwanja wa kale wa Pompeii, Italia, Oktoba 1971, mwongozaji akiwa Adrian Maben. Wanne peke yao chini uwanjani, bafle (masanduku ya spika) zimewazunguka, viti vyote vitupu. Hakuna makofi, hakuna mtu anayeuliza umati "mko wapi?". Na bado ukianza wimbo wa "Echoes" huinuki mpaka iishe.

Mtu wa Goma anaitazama kwa jicho lake. Pompeii ilifukiwa na Vesuvius mwaka 79, na sisi tunalala chini ya Nyiragongo, iliyoshuka 1977, 2002 na 2021. Kuta zetu ni jiwe la lava, na katikati ya mji tunatembea juu ya lava ya 2002. Filamu inapoonyesha matope yanayochemka, kisha uso wa sanamu, kisha vidole vya Rick Wright kwenye kinanda, kwetu hilo si pambo la sinema.

Nina maswali mawili. La kwanza: ni nini hasa kinachoifanya picha hii ishike hivi, wakati matamasha mengi yaliyopigwa kwa kamera nyingi zaidi yanachosha baada ya nyimbo mbili? La pili ni la kazi. Kuna kundi la vijana wanne (gitaa, besi, kinanda, dramu) wanaotaka kurekodi wimbo mmoja wa dakika 12 juu ya uwanja wa lava, bila watazamaji. Wana simu tatu, kompyuta moja yenye kadi ya sauti ya njia nane, na jenereta. Waige nini, na waogope nini?

Jicho_la_Kamera (Bukavu)

Ndugu Gitaa, aksanti kwa kuileta mada hii. Nianze na swali la kwanza, kwa sababu jibu la pili limo humo.

Kamera ya tamasha la kawaida ina pa kukimbilia. Ikikosa la kuonyesha jukwaani inawageukia watu: msichana juu ya mabega, mikono hewani, na dakika moja imekwisha kujaa. Maben aliifunga njia hiyo kwa kusudi. Alitaka kinyume cha Woodstock, lile tamasha kubwa la Marekani la 1969, ambako umati ulikuwa nusu ya picha. Umati ukiondoka, kamera inabaki na kazi tu: kidole kikisukuma waya wa gitaa, mguu kwenye kanyagio, jasho la Nick Mason kwenye dramu, na ampli zenyewe zilizopangwa kama ukuta.

Wazo lilimjia akiwa mtalii. Kiangazi cha 1971 alipoteza pasipoti yake Pompeii, akarudi jioni kuitafuta ndani ya uwanja, hapakuwa na mtu. Akasikia wadudu na popo, sauti zao zikirudi kutoka kwenye mawe. Bendi inayopiga mwangwi mahali penye mwangwi, bila mtu wa kuifunika kwa makofi. Nadhani filamu nzima imo ndani ya jioni ile.

Sasa tazama subira yake. "Echoes" inaanza kwa picha ya mbali sana, bendi ikiwa kama punje chache katikati ya duara, na kamera inasogea taratibu mno kiasi kwamba unashtuka umefika. Baadaye kamera ya kwenye reli inapita nyuma ya vyombo, na unasoma maandishi meupe ya chapa kwenye migongo ya masanduku: PINK FLOYD. LONDON. Mwongozaji mwingine angeona aibu kuonyesha migongo ya masanduku. Hapa ndiyo picha ambayo kila shabiki anaikumbuka.

Kuna makosa yaliyoachwa humo, na ndiyo ninayoyapenda kuliko yote. Kwenye "One of These Days" fimbo inamponyoka Mason katikati ya mapigo. Anachukua nyingine na mkono wa pili haujapoteza hata pigo moja. Tena utaona karibu wimbo wote ni Mason peke yake. Sababu ni kwamba baadhi ya filamu za kamera nyingine za wimbo huo zilipotea. Hasara hiyo ikawapa wapiga dramu wa dunia nzima somo la dakika kadhaa, karibu kabisa na mikono.

Kitu kingine cha kujua kabla hamjaiga: si yote ilipigwa Pompeii. Pale uwanjani zilipigwa "Echoes", "A Saucerful of Secrets" na "One of These Days". Nyingine zilipigwa studio Paris, Desemba 1971, na picha za Pompeii zikatupwa kwenye kiambaza nyuma yao. Ukitaka kutofautisha haraka tazama kidevu cha Wright: Pompeii ana ndevu, Paris amenyoa. Na "Echoes" ilipopigwa mbele ya kamera zile mwanzoni mwa Oktoba, albamu ya Meddle ilikuwa haijatoka bado. Kwa hiyo unachokiona si wimbo maarufu unaorudiwa. Ni watu wanaoujali wimbo wakati dunia haijauzoea.

Kwa vijana wenu, simu tatu zinatosha, ila kila moja iwe na kazi yake na isiiache.

Ya kwanza iwe mbali, mita 15 hadi 20, juu ya miguu mitatu, juu kidogo, inaona wote wanne tangu mwanzo hadi mwisho. Isiguswe. Hii ndiyo itakayowaokoa mkikosa picha kwingine. Ya pili ibaki na mikono: robo ya wimbo dramu, robo kinanda, na kuendelea, ikihama pale muziki unapopumua tu. Ya tatu ndiyo ya kutembea.

Reli hamna, lakini Goma ina chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo. Lazeni mbao nne za mita nne, mbili mbili zikifuatana, nyuma ya bafle. Juu ya lava tupu hata kamera ya ghali itatetemeka. Pakieni mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 juu ya chukudu, maana uzito ndio unaokula mtetemo. Fungeni simu kwa mpira mzito juu ya kipande cha godoro, si moja kwa moja kwenye mti. Mmoja ashike usukani, mwingine asukume kutoka nyuma kwa mwendo wa sentimita 10 kwa sekunde, yaani mita nne kwa sekunde 40. Ukidhani unakwenda polepole vya kutosha, punguza tena nusu.

Mwanga ndio mtego mkubwa. Lava ni nyeusi, na simu ikiona weusi mwingi inafungua mwanga. Nyuso na matoazi yanaungua, mbingu inakuwa karatasi nyeupe. Gusa uso wa mpigaji kwenye kioo, shikilia mpaka mwanga na umakini vifungwe, kisha shusha mwanga kidogo. Weka picha 25 kwa sekunde kwenye simu zote tatu. Jua la Goma linazama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na giza linaingia upesi, si kama Italia. Saa yenu ya kazi ni kuanzia saa kumi na nusu. Mkianza kufunga vyombo saa kumi, mmekwisha kuchelewa.

Fundi_Bafle (Goma, Birere)

Mkubwa Gitaa, mimi nitabaki kwenye umeme, maana hata Pompeii umeme nusura uizime filamu.

Vyombo vilikuja kwa lori kutoka London, safari ya siku tatu. Walipounganisha, umeme wa pale uwanjani haukuweza kubeba mzigo wote. Ikabidi waya mrefu utolewe mjini, upitishwe barabarani hadi uwanjani, na watu waulinde usichomolewe. Siku za kupiga picha zilikuwa chache, na sehemu yake ikaliwa na waya. Ukiona jinsi wanavyopiga kwa utulivu hudhani.

Sasa hesabu, kwa sababu waya mrefu si waya mfupi uliorefushwa tu. Waya wa milimita za mraba 2.5 una upinzani wa karibu omu 0.0074 kwa kila mita. Ukienda mita 100 umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 200, karibu omu 1.5. Ukivuta ampea 10 unapoteza volti 15 njiani: unaingiza 230, unapata 215. Ukitumia ule waya mwembamba wa 1.5 unapoteza volti 24. Ampli ya taa (yenye valvu za kioo, si transista) itaanza kusikika imechoka, na kompyuta inaweza kujizima pale besi inapogonga kwa nguvu. Kwa umbali wa mita 40 na ampea tano kwenye waya wa 2.5 unapoteza volti tatu tu, hiyo haisumbui. Na waya wa kwenye kigurudumu uufungue wote, hata kama unahitaji nusu yake. Uliobaki umejiviringa unapata joto na ganda linayeyuka.

Mzigo wa vijana wanne si mkubwa. Ampli ya gitaa ya taa yenye wati 100 inavuta karibu 300 ikifanya kazi. Ampli ya besi wekeni 300. Kinanda, kompyuta na kadi ya sauti kwa pamoja hazifiki 150. Jumla ni wati 750. Jenereta ya kVA 2 itakuwa inafanya kazi chini ya nusu ya nguvu zake, na ndivyo inavyotakiwa, maana besi inavuta kwa mishindo, si kwa wastani. Esansi (petroli) wekeni takriban lita moja kwa saa. Jazeni tangi kabla ya kuanza. Kumimina esansi kwenye injini ya moto katikati ya kazi ni kutafuta moto juu ya jiwe lisilo na maji karibu.

Mwendo wa injini nao una maana kubwa kwa mpenzi wa Pink Floyd. Jenereta ya kawaida inayozunguka mara 3,000 kwa dakika inatoa Hz 50, yaani umeme unaogeuka mara 50 kwa sekunde. Ikizidiwa ikashuka hadi 2,880 inatoa Hz 48. Kinanda cha Hammond cha zamani kama cha Wright kina magurudumu yanayozungushwa na mota inayofuata Hz za umeme. Ukishuka kutoka 50 hadi 48 sauti yote ya kinanda inashuka asilimia nne, zaidi ya nusu ya hatua kati ya ufunguo mweupe na mweusi wa jirani yake. Gitaa linabaki pale pale, kinanda kinazama, na watu wanalaumiana nani hakufunga nyuzi vizuri. Vinanda vya leo vya kidijitali haviathiriki kwa njia hiyo, kwa hiyo vijana wamepona hapo.

Kisha udongo, yaani kuunganisha umeme na ardhi. Hapa ndipo lava ya Goma ni adui. Mahali pengine unapiga fimbo ya shaba ya mita moja na nusu ardhini na umemaliza. Kwenye lava fimbo inapinda kwa sentimita 20, na hata ikiingia kwenye ufa, jiwe kavu halipitishi umeme vizuri. Msijidanganye kwamba fimbo iliyosimama kwenye mawe ni ulinzi.

Fanyeni hivi: vyombo vyote vichukue umeme kutoka sehemu moja, ubao mmoja wa prizi (soketi), na hakuna anayekata mguu wa tatu wa prizi ili kuondoa mvumo. Mvumo ukija, tafuteni waya wa sauti uliopita sambamba na wa umeme, uvukisheni kwa pembe ya msalaba. Wekeni swichi ya ulinzi ya miliampea 30, ile inayokata umeme ukivuja. Lakini jueni: jenereta ndogo nyingi zinatoka kiwandani waya wa nyutro haujaungwa na fremu. Katika hali hiyo swichi haitaruka mtu akiguswa na chombo kibovu, kwa kuwa umeme hauna njia ya kurudia. Na kitufe chake cha majaribio kitaruka vizuri tu, kwa hiyo hakiwathibitishii kitu. Mwambieni fundi wa umeme aunge nyutro na fremu kwenye jenereta na apime kwa kipimo. Kazi ya nusu saa.

Anayepata shida kwanza huwa ni mwimbaji mwenye gitaa: mkono uko kwenye nyuzi, mdomo ukagusa mikro. Kabla ya kuimba, pimeni volti kati ya nyuzi za gitaa na chuma cha mikro. Ikizidi volti chache, hakuna kuimba mpaka ijulikane kwa nini.

Jenereta yenyewe ikae mita 40, nyuma ya kilima cha lava, upande ambao upepo unapeleka moshi na kelele mbali nanyi. Mchana upepo mara nyingi unatoka ziwani. Msiifunike kwa turubai.

Kamalondo_Solo (Lubumbashi)

Ndugu zangu wa Kivu, yote mazuri, ila naomba tupingane kidogo.

Viti vitupu havina uchawi. Ukichukua bendi ya seben (ile sehemu ya kuchezea ya rumba ya Kongo) ukaiweka juu ya lava bila wachezaji itakauka, kwa kuwa mpiga solo wa seben anasoma viuno vya watu ili ajue lini abadilishe. Pompeii ilifaulu kwa sababu muziki wenyewe umejengwa kwa kusikilizana ndani ya kundi. Tazama David Gilmour, mpiga gitaa, na Wright wakiimba "Echoes" pamoja, sauti mbili zimeshikana kama ya mtu mmoja. Tazama Roger Waters, mpiga besi, anavyougonga upatu mkubwa kwenye "A Saucerful of Secrets", halafu Gilmour ameketi chini na gitaa, anasugua chuma kwenye nyuzi. Hakuna anayemwangalia mtazamaji. Watu wa Katanga wanajua kwamba muziki unaweza kusimama hivyo: mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, kidole gumba na cha shahada vikifanya kazi ya watu watatu, na leo bado watu wanajifunza kutoka humo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa vijana ni mmoja: kaeni nusu duara, kila mtu aone mikono ya mpiga dramu. Kamera ndiyo iwatafute. Mkijipanga mstari kama jukwaani, mbele yenu pakiwa patupu, macho yatakosa pa kukaa na itaonekana kwenye picha.

Sasa kwa mpiga gitaa, ile sauti ya ndege inayolia katikati ya "Echoes". Wengi wanadhani ni kinanda. Ni gitaa na kanyagio la wah (lile linaloifanya gitaa ilie "wa-wa") lililounganishwa kinyume: waya wa gitaa unaingia kwenye tundu la kutokea, na waya wa ampli unatoka kwenye tundu la kuingilia. Saketi inaanza kujilia yenyewe. Hupigi nyuzi. Unageuza kitufe cha toni cha gitaa polepole na mlio unapanda na kushuka. Mguu kwenye kanyagio unabadilisha rangi yake.

Linapokwama, sababu huwa hizi. Gitaa lenye betri ndani halifai, linahitaji kuwa la kawaida, koili tupu. Kanyagio lingine lisiwekwe kati ya gitaa na wah, kwa kuwa linakata mazungumzo kati ya vile viwili. Na wah nyingi za kisasa zina saketi ya kinga kwenye mlango wa kuingilia, hizo hukaa kimya au hutoa mluzi mmoja usiogeuka. Tafuteni ya zamani au ile rahisi isiyo na kinga hiyo. Kisha, kabla ya kuwasha, shusheni ampli hadi karibu sifuri. Mlio unakuja ghafla, mwembamba na mkali, unaweza kuua tuita (spika ndogo ya sauti za juu) ya bafle kwa sekunde moja na kuumiza masikio ya aliyevaa kaske (spika za masikioni).

Mama_Mikro (Goma)

Kaka Solo umesema kweli juu ya nusu duara. Niongeze habari za sauti.

Watu wanasema mwangwi wa filamu ile ni wa mawe. Mwangwi wa gitaa unatoka kwa mashine, Binson Echorec: sahani ya chuma inazunguka ndani, kichwa kimoja kinaandika sauti juu yake, vichwa vinne vinaisoma kwa zamu, cha mwisho kama sehemu tatu za kumi za sekunde baadaye. Kwa kanyagio la kawaida la leo wekeni milisekunde 300, marudio matatu au manne, na mkate sauti za juu kwenye marudio ili kila moja liwe na giza kuliko lililotangulia. Msiposhusha sauti za juu mtapata chemchem ya vigae.

Uwanja wa lava hautawapa mwangwi wowote. Hakuna ukuta, na jiwe lenye matundu linavunja sauti vipande vipande. Matokeo yake ampli zitasikika nyembamba, na kila mtu atataka kuongeza besi. Msiongeze. Sikilizeni kwenye kaske kile ambacho mikro inapata, maana kile ndicho kitakachobaki.

Njia nane zigaweni hivi: dramu tatu, besi moja, gitaa moja, kinanda mbili, sauti ya mwimbaji moja. Kwa dramu, mikro moja kwenye ngoma kubwa ya mguu, na mbili juu, zote zikiwa umbali sawa kabisa kutoka katikati ya ngoma ya mkono (snea). Pimeni kwa kamba, si kwa macho. Zikitofautiana sentimita 20 tu, mshindo wa ngoma hiyo unapoteza tumbo lake mkizichanganya. Mikro ya gitaa iwe sentimita tano kutoka kwenye kitambaa cha bafle, na isielekee katikati ya spika, isogezwe kidogo pembeni, pale sauti inapoacha kuchoma. Besi na kinanda waya moja kwa moja kwenye kadi.

Upepo ni shida kuliko mnavyodhani. Sponji ndogo ya mikro haitoshi. Vaeni juu yake soksi mbili za sufu, na kwenye njia zote kateni chini ya Hz 80, isipokuwa ngoma ya mguu na besi. Mikro mbili za juu ya dramu ndizo zitakazoumia kwanza.

Mwisho, kabla ya kupiga, rekodini dakika tatu za mahali penyewe bila mtu kusema. Mkiunganisha vipande baadaye mtahitaji upepo ule ule kuziba mshono.

Gitaa_Himbi (Goma)

Aksanti sana, Mama Mikro, na ninyi nyote. Fundi, habari ya nyutro sikuijua, leo hii naipeleka kwa vijana.

Nina swali dogo kwa Jicho. Wimbo ni dakika 12 mfululizo. Simu zitavumilia? Na mnashauri watazame toleo gani kabla ya siku ya kazi?

Jicho_la_Kamera (Bukavu)

Dakika 12 ni ndefu hata kwa wakubwa. Kamera ya filamu ya milimita 35 yenye futi 1,000 inaishiwa kwa dakika 11 hivi, na "Echoes" ya albamu ni zaidi ya dakika 23. Hakuna kamera ambayo ingeimeza yote. Hata ndani ya filamu wimbo umekatwa vipande viwili, kimoja kinafungua, kingine kinafunga. Kwa hiyo vijana wasione aibu kupiga wimbo kwa sehemu, mradi kila sehemu ianze na kuishia pale muziki unapotulia.

Kwa simu: acheni 4K, ule ubora mkubwa wa picha. Inakula karibu MB 340 kwa dakika, dakika 12 zinafika GB 4, na simu iliyokaa juani juu ya jiwe jeusi inapata joto ikajizima yenyewe, mara nyingi dakika ya nane au ya tisa. Chukueni 1080, ubora wa chini yake. Wekeni hali ya ndege ili simu isiite katikati. Toeni kava ya mpira, na kabla ya kuanza simu zikae kivulini, si juu ya lava. Nafasi tupu iwe GB 10 kwa kila moja.

Kurekodi sauti kwenye kompyuta kusisimamishwe kati ya sehemu na sehemu. Kwa kuoanisha, mtu mmoja asimame katikati, mahali kamera zote tatu zinamwona, apige kofi moja kavu mwanzoni, na jingine mwishoni. Lile la mwisho watu wanalisahau, na ndilo linaloonyesha kama picha imeteleza. Saa za vifaa viwili zikitofautiana kidogo tu, kwa dakika 12 hutaona kitu, ni sehemu ndogo ya picha moja. Kinachoharibu ni simu kubadilisha idadi ya picha kwa sekunde yenyewe mwanga unapopungua. Geuzeni faili zote ziwe picha 25 thabiti kabla ya kuanza kuhariri, si baada.

Kuhusu toleo: lile la 1972 ni la saa moja, muziki mtupu, na kwa kazi yenu ndilo bora. La 1974 liliongezwa picha za studio ya Abbey Road wakati wa The Dark Side of the Moon, dakika 80. Ni tamu kwa shabiki, lakini mazungumzo yanakata mwendo. La DVD ya 2003 Maben mwenyewe aliongeza picha za sayari zilizotengenezwa kwa kompyuta, na kwangu zinaiba macho kutoka kwenye mikono. La 2025 limesafishwa upya kutoka filamu ya asili kwa 4K, na sauti imechanganywa upya na Steven Wilson. Mkilipata hilo, mwekeni mpiga dramu mbele ya televisheni yenye bafle halisi, mruke moja kwa moja hadi "One of These Days", na mumwonyeshe mkono wa Mason unavyoshuka kuchukua fimbo ya pili. Rudieni mara tatu. Kisha mwambieni aweke fimbo mbili za akiba upande wa kulia wa ngoma ya mkono, kwenye urefu wa goti, siyo chini kwenye mawe.

Fundi_Bafle (Goma, Birere)

Na tochi mbili za kichwani. Saa kumi na mbili na nusu mtakuwa mnakusanya waya gizani juu ya lava, na lava inakata waya kama wembe. Ukunjeni kwa kuunyanyua, msiuburute.